Kupinga Kufutwa Kwangu Katika Orodha ya Mbega wa Kipande Namba Nne

Kwa Mkurugenzi,
Mradi wa Kuhesabu Mbega,
Makao Makuu, ghorofa ya tatu, mlango ule ulioandikwa "Bisha, kisha subiri".

Mheshimiwa Mkurugenzi,

YAH: KUFUTWA KWANGU BILA KUFA, BILA KUHAMA NA BILA KULIWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, feni ya ofisini inazunguka na chai haijapoa. Mimi huku kimwili sijambo. Kikazi nimefutwa, na jambo lenyewe limenikaa kooni tangu Ijumaa. Ndiyo maana nimekata shauri kukuandikia wewe mwenyewe badala ya kupitia kwa mtakwimu wetu, yule tunayemwita Nukta kwa sababu hajawahi kutaja namba bila kuitia nukta na tarakimu mbili nyuma yake.

Kwa faida ya karani atakayeifungua barua hii kabla yako, naomba nieleze kwamba mbega ni mnyama wa jamii ya kima, mweusi, mwenye manyoya meupe marefu mabegani na mkia mrefu mweupe. Anashinda juu ya miti akila majani na kututazama sisi wa chini kana kwamba tumechelewa kazini. Mimi ni mhesabu mbega wa Kipande Namba Nne, huu ni mwaka wa sita. Zamani msitu wetu ulikuwa mmoja. Mtu aliingia asubuhi upande huu akatokea jioni upande wa pili, kaptura imechanika. Siku hizi umebaki vipande saba. Katikati yake pamepita barabara ya lami, mashamba, yadi ya matofali na nguzo za umeme, na kila kipande kina mbega wake ambao hawawezi kwenda kuwajulia hali jamaa zao wa kipande cha jirani. Kila baada ya miezi mitatu tunawahesabu, tunajaza fomu, na fomu zinapanda ngazi mpaka kwako.

Jumanne ya wiki iliyopita wakaguzi wako wawili, mwanamume na mwanamke, walifika Kipande Namba Nne kuhakiki hesabu yangu. Barua ya taarifa ilisema watafika Jumatano. Hilo silalamikii, ukaguzi wa kushtukiza ni haki yenu. Nasema tu kwamba walinikuta kazini, juu ya mti, mita kumi na mbili kutoka ardhini, nikiteremsha kile kinasa sauti kinachorekodi milio ya mbega alfajiri. Mti wenyewe nimesahau ni wa aina gani, mtu akiwa kazini hachunguzi mambo madogo. Nilikuwa nimevaa koti jeusi la mvua. Mabegani nilijitupia taulo jeupe la kufutia jasho. Nyuma yangu ilining'inia kamba nyeupe ya kupandia, yenye fundo mwishoni. Mbega wenzangu walikuwa wametapakaa kwenye matawi kulia na kushoto. Wakaguzi wakasimama chini, wakainua darubini, wakanitazama kwa saa nzima, kisha wakaniandika kwenye fomu: "Dume. Amekomaa. Afya nzuri. Mkia mnene."

Pamoja nami tukawa ishirini. Wote wawili wakatia saini.

Furaha hiyo ilidumu siku tatu. Nukta alipoikuza picha ya yule dume kwenye kompyuta, aliona kwamba mguu wake wa kushoto umevaa buti la mpira. Akaja kuniuliza kwa upole kama buti lile nalifahamu. Nikamjibu kwamba ni langu, na aliye juu ya mti ni mimi. Ijumaa ikaja barua yako ya mstari mmoja: "Mbega namba ishirini wa Kipande Namba Nne amebainika kuwa mtumishi, hivyo anafutwa."

Sasa tumebaki kumi na tisa, na kanuni unaijua vizuri kuliko mimi. Kipande chenye mbega pungufu ya ishirini kinaondolewa kwenye orodha ya misitu inayolindwa ifikapo mwisho wa mwezi. Kikiondolewa, miti inakatwa na mahali pale panageuzwa kuwa maegesho ya malori. Bango limekwisha simamishwa pembeni ya barabara. Limechorwa lori linalotabasamu. Mwisho wa mwezi ni siku kumi na moja kuanzia leo.

Kwa hiyo napinga. Sipingi kwa jazba. Nimekunywa maji, nimekaa kwenye meza yangu ya bati chini ya ramani ya vipande saba, nimechonga penseli na kuandika rasimu mbili kabla ya hii. Hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Walionihesabu ni wataalamu, na walifuata kitabu. Kifungu cha tisa cha Mwongozo wa Mhesabu kinasema mnyama anayeonekana na waangalizi wawili kwa dakika tano mfululizo, akiwa ndani ya kundi, na kundi lisimkimbie, aandikwe. Mimi nilionekana kwa dakika sitini. Wapo mbega wa kuzaliwa ambao hawajawahi kuonekana dakika sitini tangu wazaliwe, unaona mkia tu unapita, na wameandikwa bila maneno. Mkaguzi wa kike aliandika kwenye kishikwambi chake kwamba nilikuwa "mtulivu kupita kiasi". Alipokuwa anaandika hayo, buti lake jipya lilikuwa hatua tatu tu kutoka puani pangu, yaani ukichukulia umbali kwa jicho la mtu aliye juu.

2. Kifungu cha kumi na nne, ambacho nimekisoma mpaka karatasi imelegea, kinasema aliyekwisha andikwa hafutwi isipokuwa kwa moja ya sababu tatu: kufa, kuhama, au kuliwa. Naomba ofisi yako inijulishe kwa maandishi mimi nimefutwa kwa ipi. Sijafa, na barua hii ni ushahidi. Sijahama, nakaa nyumba ile ile nyuma ya yadi ya matofali. Kuhusu kuliwa, nimejikagua bafuni na niko kamili. "Kubainika kuwa mtumishi" hakumo kwenye kifungu. Mngetaka sababu hiyo iwemo, mngeiandika mapema, si baada ya mimi kuingia.

3. Nukta alinipa, kwa mdomo, sababu ya kisayansi. Alisema mbega hana kidole gumba, wakati mimi ninavyo viwili. Hoja hiyo iliniuma kidogo, lakini sikuibishia papo hapo. Niliipeleka nyumbani ikachunguzwe. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, ametoa ushahidi kwamba katika miaka sita hajawahi kuona kidole gumba changu kikifanya kazi yoyote. Rafu ya jikoni inaning'inia kwa msumari mmoja. Mlango wa chumba chake unafunguliwa kwa kijiko tangu kitasa kilipotoka nikaahidi kukirudisha. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba Jumapili nakaa kwenye kochi tangu asubuhi, nimeshiba, sisemi, nakuna tumbo na kutazama dirishani, na kwamba alfajiri nakoroma mpaka jirani wa nyumba ya pili anaamka. Mheshimiwa, wewe ni msomi. Unajua kwamba kukaa na kusaga majani tumboni ndiyo kazi kubwa ya mbega mchana, na kunguruma alfajiri ndiyo kazi kubwa ya dume. Mama hakujua kwamba ananitetea. Alidhani analalamika.

4. Ripoti yenu ya mwaka jana, ukurasa wa kumi na moja, inasema Kipande Namba Nne kina wastani wa mbega 20.40. Nimezunguka kipande chote kiguu na njia nikiitafuta hiyo nukta arobaini. Nimechungulia mashimo ya miti. Nimekaa kimya kwenye kichaka nikidhani labda ina aibu. Nilipomuuliza Nukta, alisema ni wastani tu na nisiuhangaikie msituni. Sawa. Basi kuna mbega ambaye msituni hayumo, lakini ameandikwa kwenye ripoti yenye jalada gumu, akasomwa mbele ya wageni na kupigiwa makofi. Na kuna mimi, niliyekuwemo msituni kwa jasho langu, nimefutwa. Kama nafasi ya mbega mzima imekuwa ngumu kupatikana, niko tayari kuanza na hiyo nukta arobaini, kisha nipandishwe cheo taratibu kadiri utendaji wangu utakavyoruhusu.

5. Sipendi kuwasema wenzangu wasiokuwepo, lakini maji yamenifika shingoni. Kipande Namba Mbili kina mbega anayeitwa Mzee Mtulivu. Ameandikwa kwenye fomu kumi na mbili mfululizo, kila mara tawi lile lile, mkao ule ule, na safu ya maelezo imejazwa "anapumzika". Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia. Mzee Mtulivu ni mfuko mweusi wa plastiki uliosokotana na kipande cha gunia jeupe. Nimemtazama kwa darubini kutoka pande tatu, na upande wa tatu nimeona maandishi ya kiwanda cha saruji. Huyo hajafutwa. Anaendelea na kazi na mwaka huu ametajwa kama mfano wa maisha marefu. Mimi mwenye mapigo ya moyo nafutwa, mfuko unalindwa na serikali. Naomba ieleweke kwamba simchongei. Kipande Namba Mbili kina mbega thelathini na moja, hata akiondoka watapumua. Nataka tu usawa kati yangu na yeye.

6. Kundi lenyewe lilinikubali. Hili nataka ulisome taratibu, maana wewe unaweza kunifuta lakini wao hawakunifuta. Bi Mkubwa, jike mwenye sikio lililochanika ambaye ndiye anayeamua kundi lilale wapi, alikuja akakaa tawi moja na mimi. Akanusa taulo. Kisha akaanza kunichambua koti, mshono kwa mshono, akatoa uzi mmoja akautafakari, akaula. Nakumbuka vizuri sana jinsi ilivyokuwa, maana tumelisimulia jambo hili mezani mara nyingi. Mbega hachambui mgeni. Ofisini kwenu nimefanya kazi miaka sita na hakuna aliyewahi kunitoa hata uzi mmoja begani.

7. Tukubali kwa dakika moja kwamba kosa langu ni kuwa mtumishi. Nimeifikiria hoja hiyo kwa siku mbili, na imenitia hofu kwa niaba yako. Mbega wote kumi na tisa wanafika kazini alfajiri kabla yetu. Hawana likizo. Picha ya Bi Mkubwa imebandikwa kwenye mlango wa gari la Mradi, kwenye kalenda, na kwenye kikombe unachonywea chai. Kila barua ya kuomba msaada inayotoka ghorofa ya tatu inabebwa mgongoni mwao. Kama hao si watumishi wa Mradi, sijui mtumishi ni nani. Na kama mtumishi hawezi kuwa mbega, basi itabidi uwafute na wao, wote kumi na tisa, kisha wa vipande vingine sita. Ukimaliza hapo utabaki na Mzee Mtulivu peke yake, na wewe utakuwa Mkurugenzi wa mfuko. Sitaki ufike huko. Nakuandikia mapema ili nikunusuru.

8. Kwa hiyo maombi yangu ni madogo, na yanatekelezeka.

(a) Nirudishwe kwenye orodha ya mbega wa Kipande Namba Nne, kwa namba yangu ile ile ya ishirini, dume aliyekomaa, mkia mnene.

(b) Nipewe ratiba. Napendekeza niwe mbega Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, na mtu kwa muda uliobaki. Siku za mvua kubwa niruhusiwe kuwa mtu, maana kifua changu si kizuri.

(c) Siku za kuhesabu, kwa kuwa si haki mtu ajihesabu mwenyewe, Nukta aje anihesabu yeye. Nitakaa upande wenye mwanga.

(d) Kama ofisi inaona mbega mmoja wa ziada hatoshi kwa usalama, mama mkwe wangu yuko tayari kuwekwa akiba. Ameonyeshwa mti. Ameuzunguka, akaupiga kofi, akasema tawi la chini linamfaa iwapo litawekewa mto, na kwamba kelele za alfajiri amekwisha zizoea.

(e) Kama maombi yote hayo yatakataliwa, basi naomba wewe mwenyewe ushuke ghorofa ya tatu uje kujaza nafasi iliyo wazi. Una suti nyeusi na nywele nyeupe za mabegani hazitakosa kupatikana. Sisemi haya kwa kejeli. Nimekutazama kwenye mikutano ya robo mwaka jinsi unavyokaa, na nina hakika kundi halitakukimbia.

Mheshimiwa, hoja zimeisha, lakini nikiishia hapa nitakuwa nimekuficha kitu. Miaka sita nimewatazama wale wanyama. Nawajua kwa mikia yao. Namjua Shemeji, yule dume kijana anayejifanya hana haja na chakula mpaka wote wamalize kuchagua, halafu anakula mara mbili. Nawajua majike wawili ambao hawasemezani tangu msimu wa matunda wa mwaka juzi. Mara mbili kwa wiki, jioni jioni, kundi zima linakaa kwenye miti ya mwisho kabisa kando ya lami na kutazama ng'ambo, kwenye Kipande Namba Tano. Ni mita sitini tu. Hawavuki. Yupo mmoja aliyewahi kujaribu, miaka mitatu iliyopita, na mimi ndiye niliyemtoa barabarani kwa koleo. Kwa hiyo najua kitakachotokea malori yakija. Hawataondoka. Watasogea mti hadi mti kadiri inavyokatwa, mpaka wabaki wote kumi na tisa kwenye mti wa mwisho, na mwenye msumeno atakuwa na haraka. Nawapenda, Mheshimiwa. Sioni aibu kuliandika hilo kwenye barua ya kiofisi. Ningekuwa na namna nyingine ya kuwafanya ishirini ningeitumia, lakini nimetazama kila kitu nilichonacho na nimekuta nina mimi tu.

Nyumbani habari ya malori sijawaambia. Mke wangu, ambaye ni fundi wa kuezeka na hana muda wa kusikiliza habari za ofisi, anajua tu kwamba nilikuwa mbega na sasa nimefutwa. Alicheka mpaka akakaa chini. Wale wanyama anawapenda na yeye, na nikimwambia kwamba miti ile inakatwa atakosa usingizi, halafu atapanda juu ya paa la mtu akiwa hajalala. Kwa hiyo naomba sana usimpigie simu wala usimuulize chochote, kuhusu malori wala kuhusu mti. Hahusiki kabisa. Narudia, hahusiki kabisa, na ninashangaa kwa nini mtu angefikiri anahusika.

Nifikishie salamu kwa karani wako, kwa dereva, kwa mlinzi wa getini anayeniandika jina vibaya kila mara, kwa wakaguzi wote wawili bila kinyongo, na kwa Nukta, salamu 1.00. Mama mkwe anakusalimu na anauliza kuhusu mto. Bi Mkubwa naye angekusalimu, lakini namwona dirishani wakati naandika, na amenipa kisogo.

Nasubiri jibu lako kwa heshima zote na kwa mikono yote minne, kwa mujibu wa kumbukumbu zenu,

Mbega Namba Ishirini (aliyefutwa),
ambaye pia ni Mhesabu wa Kipande Namba Nne.

N.B. Shikamoo Mkurugenzi. Mwandiko umebadilika kwa sababu mimi ni mke wake. Amenipa bahasha niipeleke posta nikienda kazini, na kwa haraka zake amefungia humo ndani funguo za nyumba, kwa hiyo nimeifungua. Nilitaka funguo tu. Sasa nimesoma yote, nimekaa hapa kwenye ngazi za watu na mabati yao yananisubiri.

Aliyekuwa juu ya mti Jumanne ni mimi. Mume wangu hapandi. Hata taa ya sebuleni nabadilisha mimi, yeye anashika kiti na kufumba macho. Kile kinasa sauti nakiteremsha mimi kila mwezi, mwaka wa sita huu, yeye akiwa chini ananielekeza nisipohitaji kuelekezwa. Siku ile wakaguzi walipotokea alijitupa nyuma ya kichuguu, na mimi nikaganda hapo hapo juu saa nzima mpaka mguu ukafa ganzi, na huyo Bi Mkubwa ananila koti. Buti ni lake, mguu ni wangu. Alisema ni yeye kwa sababu sheria yenu hairuhusu mtu asiye mtumishi kuingia kwenye kipande, akaogopa nitapelekwa polisi. Ndivyo alivyo huyu bwana. Yuko radhi kuwa mnyama ili mimi nisiulizwe maswali.

Kwa hiyo hoja zake zote, namba moja mpaka namba nane, unaweza kuzitupa. Hakuwa juu, hakuonekana, hakuandikwa, na mama yangu hapandi mti wowote, nimemkatalia. Mimi nilijua kwamba yeye amefutwa. Sikujua kwamba na msitu unafutwa. Hilo nimelisoma leo, na hiyo kumi na tisa pia nimeisoma leo.

Kumi na tisa imetoka wapi? Nyinyi mnahesabu mkiwa chini, mnaona makalio na mikia. Mimi nilikuwa nao uso kwa uso, sina pa kwenda, wakaguzi wako wamekodoa macho chini yangu, nikawahesabu kama ninavyohesabu mabati kabla ya kuanza kazi, kisha nikawarudia tena. Ni ishirini na moja, na mimi simo. Wale majike wawili wasiosemezana wamezaa wote wawili. Watoto weupe pe, hawajafikisha hata wiki mbili, wamebanwa matumboni, wamelaliwa kwenye matawi mapana. Ukiwa chini huwaoni hata utazame mpaka shingo ikatike. Sikusema kwa sababu nilidhani mnajua, nyinyi si ndio wenye mradi. Na majike wenyewe siku ile walikuwa wamekaa pamoja, huyu anamshika mtoto wa yule, kwa hiyo na hiyo habari ya kununiana muifute.

Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye mti ule ule. Unaitwa mkuyu, kama mume wangu bado amesahau. Njoo na wakaguzi wako na kishikwambi chao, na uniandikie ruhusa ya kupanda, au wapande wenyewe, ngazi ninayo. Kama kuna wa kuadhibiwa kwa kuingia, niadhibu mimi, lakini baada ya kuhesabu. Mume wangu muache kazini kwake. Hakuna mtu anayewapenda wale wanyama kuliko yeye, na kwa miaka yote sita amewaona kutoka chini tu. Jumatatu nakuja na kamba mbili.